Gatwe Akikunja Kitenge Chake

Wiki iliyopita kamyo ilimwaga mawe mbele ya mlango wangu. Nilikuwa ndani nachambua maharage, nikasikia mshindo mpaka sufuria zikatikisika ukutani. Nilijua ni mawe, maana mjukuu wangu wa kike, yule anayefundisha shule ya msingi, alikuwa ameyaagiza. Ziwa limepanda. Limekula nyumba za majirani wa upande wa chini, limekula njia tuliyokuwa tunapitia kwenda kunawa, na sasa linalamba ukuta wa choo chetu. Mawe yapangwe, ziwa lisitufikie. Mimi sikuwa na neno. Nikatoka na ungo wangu mkononi kuangalia, nikainama, nikaokota moja.

Lilikuwa jekundu kama ini la mbuzi, na katikati yake mshipa mweupe unaong'aa.

Ungo ukaniponyoka. Maharage yote yakaenda kwenye mchanga.

"Bibi, iko nini?" mjukuu wangu akaniuliza.

"Haya mawe wametoa wapi?"

"Kule juu, Bibi. Wanapochimba. Pale palipokuwa Gatwe."

"Burundi nzima hakuna mawe mengine?"

Akacheka kidogo, halafu akaniangalia vizuri, akaacha kucheka. Akaanza kuokota maharage. Mimi nikakaa juu ya lile rundo kama kuku juu ya mayai, sikuondoka mpaka jua likaniunguza kichwa.

Wewe unayesoma labda hujui Gatwe ni nini. Ukitoka Minago kuja Rumonge, kulia kwako ziwa, kushoto milima, kuna mahali zamani kulikuwa na kilele kimoja kidogo kimetoka mbele ya wenzake, kimesimama peke yake juu ya michikichi. Hicho ndicho Gatwe. Kwa Kirundi maana yake ni kichwa kidogo, na kweli kilikuwa kichwa: kipara juu, majani ya porini pembeni kama nywele za mzee, na mabega mawili. Kilikuwa kidogo. Mtu mwenye miguu mizuri alipanda na kushuka kabla chungu hakijachemka. Ile milima mikubwa ya nyuma ingekitia mfukoni. Lakini milima mikubwa iko mbali, na Gatwe alikuwa karibu, juu ya vichwa vyetu kabisa. Unaona nimesema alikuwa, kama mtu. Nyanya yangu ndiye aliyemsema hivyo, na mimi siwezi kumsema vingine.

Nyanya ni mama wa mama yangu. Sisi wa ziwani tulisema nyanya. Wajukuu zangu wananiita bibi kwa sababu baba yao alikulia Tanzania. Mama yangu alikufa nikiwa bado mgongoni, kwa hiyo kila kitu ninachokijua kwa mikono yangu nilikipata kwa nyanya: kukamua mawese, kuanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, kupika ugali wa muhogo usio na mabonge, na kumjibu mtu mpaka akose pa kupita.

Alikuwa mweusi, mfupi, mikono myekundu mpaka viwiko kwa mawese. Hata Ijumaa akioga na kujipaka mafuta, mikono ilibaki vilevile. Shamba letu la michikichi lilianza chini kwenye mto na kupanda hadi kwenye mguu wa Gatwe, na kilele chenyewe nacho kilikuwa chetu, toka kwa babu wa babu. Hakuna aliyelima kule juu. Palikuwa mawe tu na upepo. Nyanya alipanda kule kukusanya kuni na kukaa. Alikaa juu ya jiwe moja bapa, mimi pembeni yake, tunakula muhogo wa kuchoma na karanga, tunaangalia mitumbwi kule chini midogo kama kunguni, na ng'ambo milima ya Kongo ya buluu. Hakuwa mtu wa kuongea akiwa kule. Chini aliongea kwa wote.

Sasa nikuambie habari ya kitenge, ndiyo kubwa.

Pwani yetu ya ziwa, jua linatoka nyuma ya milima. Asubuhi kunakuwa kumepambazuka, watu wanaonana, mitumbwi imerudi, wavuvi wanapiga kelele, lakini mchanga bado uko kivulini. Kivuli cha milima mikubwa kinaondoka kwanza. Cha Gatwe kinabaki. Kinakuwa kimelala juu ya mchanga, kirefu, chenye ncha, kinaingia mpaka majini. Nyanya alikiita kitenge. "Gatwe bado amejifunika," alisema. Halafu kidogokidogo kinarudi nyuma, kinatoka majini, kinatoka mchangani, kinapanda kwenye majani, kinapita barabara. Hapo ndipo wanawake wote wa pale walipomwaga ndagala chini na kuanza kuzitandaza. "Gatwe amekunja kitenge chake!" mmoja akipiga kelele, wengine wanaitikia, na mabeseni yanageuzwa kwa pamoja, shwaa, pwani yote inakuwa fedha.

Hata saa tulizihesabu hivyo. Ukiagana na mtu: njoo Gatwe akishakunja. Mtoto akizaliwa: alizaliwa Gatwe bado hajakunja. Mimi nilizaliwa hivyo. Nyanya alisema ndiyo maana nina roho ngumu, sikuanza na jua.

Usidhani ilikuwa mchezo. Mchanga wa kivulini una umande. Ukianika humo, ndagala zinashika mchanga, zinalainika, zinanuka kabla hazijakauka. Ninajua kwa sababu nilifanya. Nilikuwa na miaka minane hivi, nimechoka kuambiwa nisubiri. Kulikuwa na jirani yetu, mwanamke aliyekamua mawese pamoja na nyanya, mdomo wake mkali kuliko pilipili, na binti zake walinishinda kila siku kumaliza kuanika. Asubuhi moja nikawahi. Nikamwaga beseni zima kivulini, nikazitandaza vizuri, moja moja, nikasimama mikono kiunoni.

Jirani akapita. "Yoo! Mutoto wa Gatwe amekuwa mukubwa kuliko Gatwe!"

"Mimi najua," nikamwambia. "Sihitaji kuambiwa."

Nyanya akafika. Akaangalia ndagala, akaniangalia. Hakunipiga. Jioni alizipika zilezile, na mchanga wake, na harufu yake, akaniwekea mimi peke yangu. Kesho yake tena. Mpaka zikaisha. Kila nilipouma, mchanga ulilia kwenye meno, kri, kri, na yeye amekaa mbele yangu anakula sombe yake ya majani ya muhogo na ugali kwa utulivu.

"Zinasemaje?" aliniuliza siku ya mwisho.

"Zinasema nisubiri."

"Hapana. Zinasema uulize."

Ningelikumbuka neno hilo siku niliyolihitaji, leo ningekuwa na mulima.

Nilikuwa na miaka kumi tulipokimbia. Wa umri wangu wanaujua mwaka ule, na asiyeujua sitamfungulia hapa. Watu walikuwa wanapita barabarani na vitanda vichwani. Mjomba wangu alipata nafasi kwenye boti ya kwenda Kigoma. Ilikuwa asubuhi, wavuvi hawakuwa wamekwenda ziwani, na pwani haikuwa na ndagala hata moja. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote: mchanga mtupu.

Nyanya alitusindikiza mpaka majini, halafu akasimama. Mjomba akamshika mkono.

"Panda, mama."

"Nipande niende wapi? Kule nani anamjua Gatwe?"

"Mama, watu wanakufa!"

"Basi nitakufa kwangu. Niache mkono, unaniumiza."

Akainama kwangu. Alinuka mawese na moshi. Akanishika mashavu yote mawili, kwa nguvu, kama mtu anayechagua tikiti. "Ukirudi, mulima ni wako. Wakikuuliza, sema hivyohivyo: mulima. Sema nami."

"Mulima."

"Wa nani?"

"Wangu."

Boti ikasukumwa. Nikageuka kumwangalia. Lakini Gatwe alikuwa hajakunja bado, kivuli kilikuwa kimelala pale pale aliposimama, na mimi niliona mwili tu, mweusi, mfupi. Uso sikuuona. Niliendelea kuangalia, nikisema moyoni, kunja sasa, kunja, nimwone. Boti ikaenda mbali. Kilipokunjwa, alikuwa mdogo kama punje ya ulezi.

Huko Tanzania niliingia shule, miaka miwili. Mwalimu alikuwa mtu mzuri lakini masikio yake hayakuvumilia kinywa chetu. "Siyo mulima! Mlima! M-li-ma!" Darasa zima likacheka. Nikafunga mdomo. Maneno mengine yote nilikubali kuyanyoosha: mtoto, mtu, mti. Hilo moja nilikataa. Alinichapa mara nyingi kwa ajili ya hiyo u moja. Aliona ni ujinga. Mimi nilikuwa nimepewa neno nilitunze, na nililitunza kama nilivyopewa. Nikaolewa nalo, nikazaa nalo, nikamzika mume wangu nalo katika ardhi ya watu.

Tuliporudi nilikuwa tayari nina mvi. Nyanya alishakufa zamani. Jirani yule mwenye mdomo mkali ndiye aliyekuwa bado hai, kipofu wa jicho moja, akanishika mkono akanipandisha mpaka bega la kulia la Gatwe, akanionyesha mawe mekundu matatu kwenye majani. "Yuko hapa. Alisema asizikwe chini. Alisema atakuona ukija."

Nikakaa pale. Upepo ulikuwa uleule.

Shambani kwetu kulikuwa na watu wengine, na wenzetu wengi waliorudi walikuta hivyohivyo. Kwa hiyo ikaletwa meza kwenye uwanja wa shule, na karani nyuma ya meza, kijana mwenye shati jeupe, aandike kila mtu anadai nini. Mstari ulizunguka uwanja. Wengi walitia kidole gumba kwenye wino. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja mzee anatetemeka, na mimi, mdomo wangu huu, nikamwambia kwa sauti watu wasikie: "Mimi kidole changu hakitaingia kwenye wino. Mimi ninasoma na ninaandika."

Zamu yangu ikafika.

"Amahoro, mama. Munadai nini?"

"Mulima."

"Umurima?"

"Eeh. Mulima wetu. Wa nyanya yangu."

Akaandika. Akauliza mipaka, nikamtajia mto, nikamtajia michikichi, nikamwambia mpaka kwa Gatwe. Akaandika. Kisha akasema, kwa heshima kabisa, na hili ninataka ulisikie kama lilivyokuwa: "Mama, nikusomee kabla hujatia sahihi?"

Nyuma yangu mstari mzima ulikuwa umesimama unatazama. Nikachukua karatasi mkononi mwake.

"Unaniona mimi kipofu?"

Watu wakacheka. Nilijisikia mrefu. Nikashusha macho kwenye karatasi, nikapita herufi moja moja, na Kirundi mimi nilikijua kwa masikio tu, maneno machache ya utotoni, sikuwahi kukisoma. Nikaona neno limeandikwa: umurima. Nikalitamka kimoyomoyo. U, mu, ri, ma. Nikasema, ndiyo, hili hapa, mulima, wameliwekea tu u mbele kama Kirundi kinavyopenda, na r badala ya l, kama watu wa kwetu wanavyosema siku zote. Moyo ukanipiga kwa furaha. Miaka yote ile, mwalimu na fimbo yake, na sasa neno langu limeandikwa kwenye karatasi ya serikali, na u yake. Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa. Nikasema murakoze, asante. Nikaondoka shingo juu.

Wewe unayejua Kirundi umeshaona. Umurima ni shamba. Mulima wao wanauita umusozi.

Karani yule hakuniibia kitu. Aliandika alichosikia. Shamba tulirudishiwa, michikichi yote mpaka kwenye mguu wa Gatwe, tukashukuru, tukakamua. Miaka ikapita. Nilipanda bega la kulia kila nilipoweza, nikang'oa majani, nikampa nyanya habari za nyumbani. Halafu asubuhi moja nikasikia kishindo kule juu, na vumbi jekundu likashuka kwenye majani ya michikichi.

Nilipanda mbio, mimi na magoti yangu haya, karatasi nimeifunga kwenye pindo la kitenge. Nilikuta wanaume na mitaimbo, na wanawake wamekaa wanaponda kokoto, vichwa vimejaa vumbi. Kipara cha Gatwe kilikuwa kimeshapasuka. Mkubwa wao alinisalimu vizuri. Nikamkunjulia karatasi usoni.

"Soma! Mulima huu una mwenyewe!"

Akasoma. Akasoma tena. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Bibi, hii inasema umurima. Shamba lako liko kule chini, hakuna aliyeligusa. Musozi haumo humu. Musozi hakuna aliyeuandikisha."

"Ni mulima!"

"Ndiyo, bibi. Umurima."

Tukarudishiana neno lile mara ngapi sijui. Yeye anasema lake, mimi langu, na ni neno lilelile. Wanawake waliokuwa wanaponda waliacha kuponda. Mmoja akaanza kucheka, halafu akaelewa, akafunika mdomo. Na mimi nikaelewa, nimesimama pale, karatasi inapigwa na upepo.

Yule mkubwa alikuwa na utu. Alinipa siku chache nimwondoe nyanya. Tulichimba kwenye mawe matatu, mimi na mwanangu na imamu. Hatukukuta kitu. Udongo mwekundu tu, laini, umeshamaliza kazi yake. Tukachota udongo ule, nikaufunga kwenye kitenge changu kipya, tukashuka nao, tukauzika shambani kati ya michikichi. Mtu aliyekataa kuzikwa chini nimemshusha mimi. Hata huko hawezi kuona anayekuja. Majani ni mengi.

Nyumbani walimlaani karani. Mwanangu alisema alihongwa. Majirani walisema hivyo, wajukuu wakakua wakisikia hivyo, na ikawa habari ya ukoo wetu: karani alikula mlima. Mimi nilikuwa nakaa palepale nachambua maharage na sisemi kitu. Nilimwacha mtoto wa watu alaaniwe miaka yote hiyo, kwa sababu sikutaka wajue kwamba Bibi, anayejisifu kusoma, alisoma akakosea, na aliulizwa asomewe akakataa.

Juzi ndiyo nilimwambia mjukuu wangu. Tulikuwa tunapanga yale mawe, yeye anabeba, mimi naonyesha pa kuweka. Nikamwambia yote, kama nilivyokuambia wewe. Alisimama na jiwe kifuani.

"Kwa hiyo karani aliuliza?"

"Aliuliza."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema unaniona mimi kipofu."

Nilingoja aseme si kosa lako, Bibi. Hakusema. Huyu ni wa damu yangu, hadanganyi. Akaweka jiwe mahali pake, akalibana kwa lingine dogo, akasema, "Baba atalazimika kuambiwa." Nikasema najua. Mwanangu anakuja Ijumaa. Nitamwambia mwenyewe, na maneno ya yule karani nitayatamka mbele yake kama yalivyotamkwa, kwa heshima ileile.

Gatwe amekwisha. Ukipita barabarani leo unaona kovu jekundu, na nyuma yake milima mikubwa haijui kitu. Jua linatoka na kuanguka mchangani moja kwa moja. Wanawake wa siku hizi wengi wanaanika juu ya nyavu zilizoinuliwa kwenye miti, umande hauwafiki, na hakuna anayepiga kelele kumwambia mwenzake lolote. Ukimwambia msichana njoo Gatwe akishakunja, anakuangalia akidhani umri umekupanda kichwani. Jirani yangu wa mdomo mkali naye kafa. Neno lile sasa liko kwangu tu.

Asubuhi ya leo nilitoka na beseni langu. Bado ninaanika kidogo, za kula nyumbani, chini kwenye mchanga kama zamani. Mjukuu alikuwa anajiandaa kwenda shule, akaniona nimesimama.

"Bibi, mwaga, jua limetoka kitambo."

"Subiri."

"Unasubiri nini?"

Nilimwonyesha kwa kidevu. Ule ukuta wa mawe, tulioupanga mimi na yeye, una kivuli. Ni kifupi, kinanifika magotini, kinalala mchangani upande wa ziwa na ncha yake inagusa maji kidogo. Nilienda nikakaa ndani yake, beseni mapajani. Mawe yalikuwa ya baridi mgongoni. Kabla maji ya chai hayajachemka, kivuli kilikuwa kimetoka kwenye miguu yangu, kimepanda ukutani, kimeingia kati ya mawe.

"Amekunja," nikasema.

Mjukuu akaweka chini mkoba wake wa shule, akashika upande mmoja wa beseni, tukamwaga.